Kioo Cheusi cha Muuza Vitambaa

Kioo cheusi hakinitishi. Wateja huja mezani pangu wameibeba kompyuta kwa mikono miwili, wanaiweka mbele yangu taratibu kama wanaweka maiti, na kabla sijaigusa wananiambia imekufa. Mimi huwauliza ni nani aliyewapa udaktari. Mara nyingi mashine iko hai kabisa na inafanya kazi zake, ila imekosa njia ya kukuonyesha. Nimeifanya kazi hii Malindi miaka tisa, na nikisema mashine iko hai, iko hai. Wasiopenda majivuno yangu wana hiari ya kwenda kwingine, na wengi wao wakishakwenda hurudi.

Meza yangu iko barazani pa duka la vitambaa. Mwenye duka ni Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa katika vyumba vilivyo juu ya duka na watoto wake wamezaliwa humo humo. Nilipotoka kwetu Kakuyuni, msichana na mfuko wake wa bisibisi, wenye maduka wawili walinifukuza na wa tatu akaniuliza kama nimekuja kufagia. Huyu aliniuliza jambo moja tu, kama ninaweza kuitengeneza redio yake. Niliitengeneza naye amenisimamia kichwani, kisha akanionyesha kona ya baraza yenye soketi, na tangu siku hiyo hapo ndipo kazini kwangu. Nikawa namwita Baba na mkewe namwita Mama. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba ndefu, akauliza habari za mamangu na mihogo yake, na asingenifungulia soketi mpaka nimemjibu kikamilifu.

Alikuwa mbishi wa aina niipendayo. Kompyuta yake aliinunua kwa Mwitaliano mmoja aliyekuwa akiiuza nyumba yake ya pwani arudi kwao. Akafuta kila kilichokuwamo, akaweka mfumo wa Linux yeye mwenyewe kwa kusoma na kujaribu, mtu wa umri wa kulea wajukuu. Nilijitolea kumsaidia, akaniambia kompyuta ni kama shati, kila mtu avae lake. Na kwa kuwa wezi walikuwa wamewahi kulivunja duka na kuichukua kompyuta yake ya kwanza, akakaa mwezi mzima akiwaza kwamba wanasoma barua alizowaandikia dada zake walio ng'ambo, hii ya pili aliifunga diski yote kwa nenosiri. Kufunga huko si sawa na kufunga mlango kwa komeo. Kila kilichomo huvurugwa, na bila nenosiri unabaki na takataka ambayo hata mimi siwezi kuichambua. Ukiiwasha, kabla ya jambo lolote mashine inakuuliza nenosiri. Ukilitoa inaendelea, na usipolitoa inakungoja hapo hapo hata kutwa.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaisha, kiharusi kilimshika akipima kitambaa cha mteja. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na sauti. Daktari alisema sauti huenda ikarudi kidogo kidogo. Alipoulizwa kuhusu akili, alisema tungoje tuone. Ni maneno ya kawaida ya daktari, lakini nyumba ile yaliiletea balaa, kwa sababu tangu siku hiyo watu wote walikuwa wakimtazama mzee kuona kama yumo.

Mtoto wake mkubwa anafanya biashara Mtwapa. Alikuwa akija kila mwisho wa juma, na safari nyingine katikati ya juma, na sitasema kwamba ni mtu mbaya, maana nilimwona akimlisha babake uji kijiko kwa kijiko. Alikuwa mtu mwenye hofu anayetaka jambo liishe. Aliliweka wazi kwa mamake, na Mama akanieleza: ikiwa akili za baba zipo, baba atabaki kwake na atafutiwe mtu wa kumwuguza. Ikiwa hazipo, mwisho wa mwezi watamhamishia Mtwapa, duka lifungwe na nyumba, ambayo ni ya kupanga, irudishwe kwa mwenyewe. Mzee hakutaka kuondoka. Siku walipomteremsha kumrudisha hospitali kupimwa aliushika mwimo wa mlango kwa mkono wake wa kushoto, na ikabidi kumbandua kidole kimoja kimoja.

Basi wakawa wanamjaribu. Walimwonyesha kijiko wakamuuliza ni nini. Walimwonyesha mkewe, aliyeishi naye miaka arubaini na kitu, wakamuuliza huyu ni nani. Mzee aliwatazama, kisha akafumba macho. Wakaandika moyoni kwamba hamjui mkewe. Mimi nimemjua mtu yule. Ukimuuliza swali la kitoto alikuwa na desturi ya kukutazama tu mpaka uone haya mwenyewe. Walimpa simu aandike, kidole kikatetemeka juu ya kioo kile laini, zikatoka herufi zisizo na maana. Hilo nalo likahesabiwa. Na yote yalijadiliwa mbele yake, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, kana kwamba kitanda kile hakina mtu.

Jambo moja aling'ang'ania. Kila asubuhi baada ya chai alinyoosha kidole kuelekea kompyuta yake. Mama alimwekea mapajani, akaiwasha, na mzee akaandika kwa kidole kimoja cha kushoto huku kioo ni cheusi tititi. Akimaliza alikaa akikitazama kioo, kisha anaandika tena, na tena. Baada ya saa moja hivi Mama alibonyeza kile kitufe cha kuwashia akakishikilia mpaka mashine ikazima, akairudisha kabatini. Fundi mmoja wa Mtwapa, kwa simu tu, alimwambia mtoto kwamba mashine hiyo ipigwe fomati, ifutwe yote, au itupwe. Mtoto akasema hiyo ndiyo ithibati ya mwisho: mtu mwenye akili timamu haandiki kwenye kioo kilichozima wiki kumi na moja.

Jumatano moja asubuhi, mzee hajapewa bado kompyuta yake, Mama aliteremka barazani, jambo asilolifanya mara kwa mara, akasimama mbele ya meza yangu huku ameshika pindo la sari.

"Mwanangu, njoo juu uitazame," aliniambia. "Hawa wanasema anacheza. Mimi nasema anataka kusema kitu. Na mwezi unakwisha."

Nilipanda na mfuko wangu nikijua nitaimaliza kazi ile kabla chai haijapoa. Mzee alikuwa amekalishwa na mito miwili, mtoto kasimama dirishani. Nikasema shikamoo, Baba, naye akainua kidole. Mtoto akaniambia, kwa upole tu, kwamba nisijisumbue, kwani hata mashine ikipona haitasaidia kitu. Nikamwambia mashine kwanza.

Niliiwasha nikaona nilichotarajia. Ile nukta ya kwanza, chapa ya mtengenezaji ilimulika kioo chote, kisha giza. Kioo kibovu hakimuliki chapa. Kwa hiyo kioo kilikuwa kizima, na taabu ilikuwa katika programu inayoendesha kioo; mashine ilikuwa imejiongezea toleo jipya siku chache kabla ya ugonjwa, na toleo hilo, ambalo huanza kazi mashine ikizimwa na kuwashwa upya, halikupatana na kioo kile. Nilimweleza Mama kwamba mashine inauliza nenosiri kama kawaida, lakini inauliza gizani. Nikaiwasha tena, na kabla ya giza nikabonyeza kitufe cha kuisimamisha pale penye orodha ya kuanzia. Hapo unaweza kuufungua mstari wa maagizo ambayo mashine huyasoma inapoamka, ukauhariri kwa safari hiyo moja. Ukizima, mabadiliko hupotea na mstari wa zamani hurudi ulivyokuwa.

Mstari wake ulikuwa mrefu, umejaa vijineno. Mimi nikikuta mstari mrefu ulioandikwa na mtu mwingine huwa nahisi mikono inaniwasha. Niliacha yale niliyojua lazima yawepo, yanayoonyesha diski iko wapi na imefungwaje, nikafagia yaliyobaki yote. Nikaongeza neno moja la kuiambia mashine iache ile programu ya kioo na itumie njia ya zamani, ya kikongwe lakini ya uhakika. Nikabonyeza. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo kama mchele unavyomiminwa, na mwisho wake, wazi kabisa, kikakaa kile kistari kinachomemeteka: toa nenosiri.

Mama alijifuta macho. Mimi, nakiri, nilimtazama mtoto wake kuona kama ameona.

Tulimwekea mzee kompyuta mapajani. Kisha sote watatu tukageuka. Kwetu mtu mzima akiandika siri yake humwangalii vidole. Hakuna aliyenifundisha, nimekua nikiliona. Mama aligeukia kabati, mtoto akageukia dirisha, mimi nikautazama ukuta wenye kalenda. Ndivyo walivyokuwa wakifanya asubuhi zote zile, hata kioo kilipokuwa cheusi. Kwa wiki kumi na moja hakuna jicho lililopata kukiangalia kidole cha mzee kinafanya nini.

Nilisikia vitufe. Tap, tap, tap, polepole, kisha kimya kidogo, kisha tena. Akabonyeza cha mwisho kwa nguvu. Tulipogeuka, mashine ilikuwa imeandika kwamba nenosiri si sahihi.

Akaandika mara ya pili. Si sahihi. Ya tatu, na mashine ikaacha kuuliza.

Mtoto hakusema, "Niliwaambia." Alikaa tu kwenye ukingo wa kitanda, akapangusa uso. Nami, fundi hodari, mtu wa kuwauliza wateja nani aliyewapa udaktari, nilifungua kinywa nikatoa hukumu.

"Mashine haina kosa sasa," nilisema. "Huenda amesahau."

Niliyasema mbele yake. Sikumwambia yeye, nilimwambia mtoto wake, juu ya kichwa chake, kama walivyokuwa wakisema wao. Mzee alinitazama kitambo kirefu, kisha akafumba macho. Nilizima mashine, nikakusanya bisibisi ambazo sikuwa hata nimezitumia, nikateremka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikujua bado kwamba nimejikwaa. Nilidhani ninachohisi ni huzuni tu.

Jioni hiyo hiyo mtoto aliagiza pikapu. Hakukuwa na haja tena ya kungoja mwisho wa mwezi, wangeondoka Ijumaa. Fundi wa kompyuta amethibitisha, ndivyo alivyowaambia jamaa zake kwa simu, akipita mbele ya meza yangu.

Alhamisi nilifanya kazi vibaya. Kuna kitu kilikuwa kikinisumbua, na kila nilipokikaribia kilinikimbia. Zilikuwa zile tap tap. Mtu aliyesahau hupapasa. Anaandika kidogo, anasita, anafuta, safari ya pili anajaribu jingine. Mzee aliandika mara tatu, na mara zote tatu mwendo ulikuwa ule ule. Vitufe vya haraka, kimya, kitufe kimoja, vingine vya haraka, kimya tena, kitufe kimoja, na mwisho. Nilijikuta naupiga mwendo huo mezani kwa kidole. Aliyesahau harudii mara tatu bila kukosea hata pumzi.

Kimya kile nacho nilikielewa, ila kwa kuchelewa. Mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto peke yake, na mwili umelala upande, hupata shida kuufikisha mkono upande wa kulia wa kibodi. Kwa hiyo ndani ya nenosiri lake mlikuwa na kitufe kimoja cha mbali kulia, na alikibonyeza mara mbili. Nilikomea hapo siku hiyo. Nilijua kidole chake hakikusahau, lakini mashine ilimkataa, na mashine nilijua haisemi uongo.

Ijumaa asubuhi pikapu ilikuja ikaegesha mbele ya baraza, ikanizibia mwanga. Mezani nilikuwa na kompyuta ya mteja, nimetoka kuiwekea mfumo upya, naandika jina la faili lenye tarehe. Tarehe huziandika kwa vistari katikati. Nilibonyeza kistari, ikatoka alama ya mkwaju, ule mstari ulioinama. Nikafuta, nikabonyeza tena, mkwaju. Nikapiga msonya, kwa sababu nilijua kosa langu: sikuiambia mashine kwamba kibodi yake ni ya Kiitaliano.

Nilibaki nimeinua kidole hewani.

Mtu wa mji mwingine asingekosea hivyo. Malindi hapa, nusu ya kompyuta kuukuu zimetoka kwa Waitaliano, zina herufi za kwao zenye vialama juu mahali ambapo kibodi nyingine zina mabano, na kistari kiko chini kulia, ubavuni mwa nukta, mahali ambapo kwa Waingereza pana mkwaju. Tumezizoea hata hatuzioni. Mimi mwenyewe naandika juu ya moja kila siku ya Mungu. Mtu akija na kibodi ya Kiingereza ndiyo naishangaa. Nyani haoni kundule, na fundi wa Malindi haoni kibodi ya Kiitaliano hata akiiwekea mikono juu.

Na mzee, aliyeijenga mashine yake peke yake, alikuwa ameliona hilo mapema kuliko mimi. Katika ule mstari mrefu alikuwa ameweka kijineno cha kuiambia mashine, tangu inapoamka, kwamba vitufe hivi ni vya Kiitaliano. Nilikifagia pamoja na vingine. Yeye akabonyeza kistari chake pale alipokizoea, na mashine, kwa amri yangu mimi, ikapokea mkwaju. Alitoa nenosiri sahihi mara tatu. Aliyempotosha ni mimi, na juu ya hayo nikamshuhudia kuwa amesahau.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mlangoni nilipishana na dereva kabeba godoro. Mtoto alikuwa akifunga kamba kwenye sanduku, mzee kakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati safi, kanyolewa, uso kaugeuzia ukutani. Mama alinambia kwa sauti ya chini kwamba jana, kwa mara ya kwanza tangu augue, hakuinyooshea kidole kompyuta. Alipomletea hata hivyo, aliisukuma.

Nilipiga magoti mbele ya kiti kile, kwa sababu nilitaka macho yangu yawe chini ya yake.

"Shikamoo, Baba," nilisema. Hakuinua kidole. "Si wewe uliyesahau. Ni mimi. Niliharibu maagizo uliyoyaandika, yale ya kibodi, na nikakusema mbele yako. Nakuomba radhi, na nakuomba unipe nafasi moja nyingine."

Mtoto alisema dada, tafadhali, gari linangoja. Mama akamjibu kwa Kigujarati, maneno mawili, na sikuhitaji mkalimani. Mtoto aliiachia kamba.

Mzee aligeuza uso polepole. Alinitazama kwa jicho lile la mtu anayeona haya kwa niaba yako, nami nikalivumilia kwa kuwa nilistahili. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kabatini.

Safari hii sikufagia kitu. Niliufungua mstari wake, nikausoma neno kwa neno kama barua, na kweli kile kijineno kilikuwapo, kimekaa mahali pake. Nikaongeza langu moja la kioo, nikayaacha yake yote. Maandishi meupe yakateremka, na mashine ikauliza.

Tuligeuka. Nilisikia haraka, kimya, kitufe, haraka, kimya, kitufe, mwisho. Hakuna aliyethubutu kugeuka wa kwanza. Kisha nikasikia feni ya mashine inaongeza mwendo, sauti niijuayo kuliko sauti ya kaka yangu, nikajua imefunguka.

Alikuwa na picha ya duka lake pale mbele, mabunda ya vitambaa yamepangwa mpaka darini. Mama alishika kinywa. Mtoto aliikaribia kompyuta, akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa mwadilifu kwamba huenda ni bahati. Huenda leo ameamka vizuri. Wagonjwa wa namna hii wana siku njema na siku mbaya.

Hapo hasira zilinipanda, lakini safari hii nilizitumia vizuri. Nilimwomba mzee ruhusa ya kuigusa kompyuta, lile shati lake mwenyewe, akainua kidole. Mashine hii ina daftari lake, huandika kila siku na saa iliyofunguka. Daftari lenyewe limo ndani ya ile diski iliyofungwa. Nenosiri likikataliwa, hakuna kinachoandikwa, kana kwamba mashine haikuwashwa. Nililifungua nikaligeuza mtoto aone, nikamweleza anachokiangalia, kisha nikamwacha asome mwenyewe.

Zilikuwa tarehe. Moja chini ya nyingine, kila siku, kila asubuhi, saa ya baada ya chai. Siku aliyoulizwa kijiko ni nini ilikuwamo. Siku aliyoulizwa mkewe ni nani ilikuwamo. Wiki kumi na moja, mzee alikuwa ameifungua mashine yake kila siku, kwa mkono asiouzoea, bila kuona hata herufi, bila kukosea. Ilifunguka kila mara, na kila mara sisi tulio wazima, kwa kuwa hatukuona kitu, tukaizima. Siku mbili tu hazikuwamo. Jumatano haikuwamo kwa sababu ya vidole vyangu, na Alhamisi haikuwamo kwa sababu ya ulimi wangu. Nilimwonyesha mtoto hizo nafasi mbili nikamwambia ni zangu.

Alizisoma zote. Kidole chake kilishuka kwenye kioo tarehe kwa tarehe mpaka chini, kikarudi juu, kikashuka tena. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu masika nilimsikia akimsemesha babake, si kumsema.

"Baba," alisema, "unataka twende Mtwapa?"

Mzee alinitazama mimi. Nikamfungulia ukurasa mtupu wa kuandikia, nikamwekea kompyuta sawasawa mapajani, na bila kufikiri nikaanza kugeuka. Akagonga kando ya kibodi kwa ukucha. Hii haikuwa siri. Alitaka tuangalie.

Aliandika kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisome. Kidole kilikwenda, kikasita, kikavuka kibodi nzima, kikarudi. Dereva alipiga honi huko chini, na hakuna aliyekwenda dirishani. Ilichukua muda mrefu kwa maneno machache.

"Siendi. Wiki kumi na moja nimesikia kila neno."

Mtoto alisoma akiwa amesimama, kisha akapiga magoti. Kwao mtoto humwamkia mzazi kwa kugusa miguu yake, nami nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila alipofika, kwa haraka, kama mtu anayebisha hodi. Sasa aliishika miguu ile kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso juu yake, akalia kwa sauti bila kujali kwamba nipo, na hakuinuka. Mimi nilikuwa nalia pia, na sina haya kusema. Nilingoja mkono wa mzee umshukie mwanawe kichwani, kama inavyokuwa.

Mkono haukushuka. Ulikuwa kwenye kibodi, kidole kinatafuta herufi. Mama aliinama akasoma, akavuta pumzi, akamgusa mwanawe begani.

"Anasema uinuke," alimwambia. "Bado hajamaliza."